Mahindi, mbolea na kiwavi-jeshi: kwa nini pompi peke yake haitaokoa sezoni

Kila sezoni swali linarudi katika simu za wasikilizaji: dawa gani inaua vidudu vya mahindi? Watafiti wa mimea wanatuomba tuanze na swali lingine: huu mmea umekula nini, na umeteseka wapi? Kwetu mashariki, ambako vita, bei na uhaba wa ardhi vinagusa shamba kila siku, jibu la swali hilo linaweza kuokoa pesa ya mulimaji, na hata afya yake.

Mgeni aliyekuja kukaa

Kiwavi-jeshi, mwenye maagronomu wetu wanaita kwa Kifaransa chenille légionnaire d'automne, hakuzaliwa hapa. Alitoka Amerika. Mwanzo wa mwaka 2016 alionekana kwa mara ya kwanza Afrika ya Magharibi, na mwaka 2017 tayari alikuwa Congo na katika inchi nyingi za kusini ya Sahara. Kipepeo wake anaruka usiku, na kwa usiku mmoja anaweza kwenda kilomita 100. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1000 katika maisha yake. Kwenye joto, kama katika bonde la Ruzizi, toka yai mpaka kipepeo ni karibu mwezi mmoja. Kule juu kwenye baridi inachukua siku nyingi zaidi.

Wengi wanamjua tayari: kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za meza. Anajificha ndani ya moyo wa mahindi, pale majani mapya yanatokea yakiwa yamejikunja.

Mwaka 2017 shirika la utafiti CABI lilipiga hesabu ya inchi 12 za Afrika na kusema kwamba, kama hakuna kitu kinafanyika, zinaweza kupoteza kati ya tani milioni 8,3 na milioni 20,6 za mahindi kwa mwaka. Hesabu hiyo ilitisha serikali na mashirika. Dawa ziligawanywa, na watu wakapuliza.

Kisha watafiti walishuka shambani kupima. Huko mashariki ya Zimbabwe, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba kiwavi-jeshi alipunguza mavuno kwa karibu asilimia 12. Ni hasara, hakuna mwenye atasema siyo hasara. Lakini siyo mwisho wa dunia uliotangazwa. Tena watafiti hao waliona kwamba mashamba hayakuumizwa sawasawa. Yale yaliyopaliliwa mara nyingi, na yale ambayo udongo wake haukupinduliwa sana, yaliumia kidogo. Yale yaliyochanganya mahindi na maboga yaliumia zaidi. Hapo kwetu tusikie vizuri, juu maboga katikati ya mahindi ni desturi ya watu wengi.

Kiwavi alikuwa yule yule. Tofauti ilikuwa namna ya kulima.

Chakula cha mmea ni chakula cha kiwavi

Ili tuelewe, tuingie kidogo ndani ya jani. Mmea unahitaji azoti ili kujenga protini. Kiwavi naye anahitaji azoti ili akomae, lakini majani yana azoti kidogo kuliko mwili wake unavyotaka. Kwa hiyo anatafuta jani lenye azoti rahisi kumeng'enya, na lenye ngozi laini.

Mulimaji akitupa urea nyingi mara moja, bila kitu kingine, mmea unakunywa azoti kuliko unavyoweza kutumia. Majani yanakuwa ya kijani sana, makubwa, na ndani yake maji ya mmea yanajaa vipande vya protini ambavyo havijajengwa bado. Ngozi ya jani inakuwa nyembamba. Kwa macho yetu shamba ni zuri. Kwa kipepeo wa usiku, meza imetandikwa.

Wamama wa Bushi watafahamu haraka kwa mfano wa bwaki. Mtoto mwenye anakula bugali wa muhogo peke yake anaweza kuonekana mnene, mashavu yamevimba, lakini mwili hauna nguvu. Mmea wenye kulishwa urea peke yake unafanana naye: umevimba, haukushiba.

Lakini tusikimbilie kusema mbolea ni mbaya. Mmea wenye njaa nao uko katika hatari. Mwaka 1969 mtafiti wa Australia, T.C.R. White, alionyesha kwamba miti inapoteseka na ukame, inavunja protini zake, na azoti inaanza kutembea katika maji ya mmea. Hapo vidudu vinavyofyonza vinapata chakula kizuri na kuongezeka. Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani, Peter Price, akajibu kwamba vidudu vingine vinapenda kinyume chake: machipukizi yenye nguvu na yanayokua haraka. Wote wawili wana haki, kila mtu kwa vidudu vyake. Vinavyofyonza maji mara nyingi vinafaidika na mateso ya mmea. Wengi wanaotafuna majani mateke wanafuata mmea unaokua mbio.

Tofauti kubwa iko katika kupona. Mahindi yaliyolishwa vizuri yakitafunwa majani yakiwa bado madogo, yanaweza kutoa mengine na kuendelea. Mahindi yenye njaa hayana akiba. Jani likiisha, limeisha.

Halafu kuna udongo wenyewe. Mwaka 1995, katika jimbo la Ohio huko Marekani, mtafiti Larry Phelan na wenzake walipanda mahindi katika vyungu. Vyungu vingine vilikuwa na udongo wa mashamba yaliyotumia samadi na kubadilisha mazao miaka mingi, vingine udongo wa mashamba yaliyozoea mbolea ya kiwandani. Wakaachilia vipepeo vya kiwavi mwingine wa mahindi. Vipepeo vilitaga mayai mengi zaidi kwenye mahindi ya udongo wa pili. Udongo wenye samadi ya siku nyingi unatoa chakula pole pole, na mmea unakula kwa kipimo. Historia ya udongo inaonekana mpaka kwenye jani.

Somo la muhogo, hapa hapa kwetu

Hatuhitaji kwenda Ohio kwa kila kitu. Congo ina somo lake. Mwanzo wa miaka ya 1970, kidudu cheupe kama unga, kinachofyonza muhogo, kilitoka Amerika ya Kusini na kuonekana karibu na Kinshasa na Brazzaville. Katika miaka michache kilienea Afrika kwenye watu wanakula muhogo. Ncha za mimea zilijikunja, na sombe ikakosekana.

Taasisi ya utafiti IITA, kupitia kikosi kilichoongozwa na Hans Rudolf Herren wa Uswisi, ilitafuta adui wa asili wa kidudu hicho. Walimupata Paraguay: nyigu mdogo sana, jina lake la kisayansi Anagyrus lopezi, mwenye anataga yai ndani ya kidudu na kukiua. Aliachiliwa katika inchi nyingi kuanzia mwaka 1981, na katika sehemu kubwa ya Afrika kidudu kilishuka bila mulimaji kununua dawa. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Kuna sehemu ya hadithi hiyo isiyosemwa sana. Katika mashamba fulani nyigu alishindwa. Watafiti walipoangalia, mengi yalikuwa mashamba ya mchanga, udongo maskini, usiofunikwa na majani. Muhogo ulikuwa mnyonge, vidudu vyake vilikuwa vidogo, na nyigu waliotoka ndani ya vidudu vidogo walikuwa wengi madume, majike kidogo. Bila majike, hakuna mayai. Udongo ulipopewa samadi na kufunikwa na majani makavu, mmea ulipata nguvu na nyigu pia.

Ndiyo kusema, hata dawa ya asili bora katika historia ya Afrika ilihitaji mmea wenye kula.

Vita inafika mpaka kwenye jani

Tulete sasa mambo hayo katika hali yetu. Vita ilifika Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Watu wanahesabu waliokufa, waliokimbia, mabenki yaliyofunga milango. Mwanzo wa mwaka huo, hesabu ya usalama wa chakula ilisema karibu watu milioni 28 katika inchi nzima hawapati chakula cha kutosha. Kile kisichohesabiwa ni vile vita inamsaidia kiwavi. Njia ziko nne.

Ya kwanza ni kalenda. Familia iliyokimbia ikarudi, inapanda kwa kuchelewa. Wakati huo vipepeo vimeshaongezeka katika mashamba ya waliotangulia, na vyote vinashukia mahindi mateke ya mwisho. Mahindi yaliyochelewa yanaumia zaidi kuliko yaliyopandwa na mvua ya kwanza.

Ya pili ni samadi. Ng'ombe, mbuzi na nguruwe wakiibiwa au wakiuzwa kwa haraka, siyo nyama na maziwa tu vinapotea. Mbolea ya bure ya shamba imekwenda nao.

Ya tatu ni bei. Mbolea ya kiwandani kwetu inatoka ngambo ya mipaka. Barabara ikifungwa, vizuizi vikiongezeka, bei ya mfuko inapanda. Mulimaji hanunue kile udongo unahitaji. Ananunua kile kinachobaki sokoni, mara nyingi urea peke yake. Au hanunue kitu.

Ya ine ni palizi. Mwenye anaogopa kulala karibu na shamba, au anafika mara moja kwa juma, hapalili kwa wakati na haoni mayai yakingali chini ya jani. Anashtuka wakati kiwavi ameshaingia ndani ya moyo wa mahindi. Hapo anakimbilia dawa.

Pompi inafanya nini, na inashindwa wapi

Dawa ya kiwandani inaweza kusaidia ikipulizwa wakati kiwavi bado mdogo, jioni, na ikiingia ndani ya moyo wa mmea. Kiwavi akishakuwa mkubwa, anakaa chini kabisa, amefunikwa na mavi yake kama unga wa mbao. Ukipuliza saa sita mchana juu ya majani, umelowesha majani. Yeye hajaguswa.

Wale wenye kuguswa ni wengine. Sisimizi wanaokula viwavi, buibui, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya kipepeo wanakufa wa kwanza. Juma linalofuata vipepeo vinarudi katika shamba lisilo na polisi. Na huko Amerika kiwavi huyu amekwisha kuzoea aina nyingi za dawa. Haziwezi kumuua tena kama zamani.

Mwingine mwenye kuguswa ni mwenye kubeba pompi. Tunajua vile inafanyika: bila glovu, bila kitu mdomoni, mtoto anashika kidumu, na dawa imepimwa kwa kifuniko bila maandishi ambayo mtu anaweza kusoma. Chupa tupu inarudi nyumbani kubeba mafuta. Hasara hiyo haiandikwi katika hesabu ya mavuno.

Pesa kidogo, ianzie wapi?

Tuseme mulimaji ana pesa ya kitu kimoja. Kwa yale tunajua, mpangilio unaofaa ni huu.

Ianzie kwa udongo. Kuna udongo, kama mahali pengi pa Walungu, uliochoka na wenye asidi kiasi kwamba mbolea ya kiwandani peke yake hauijibu vizuri. Unahitaji samadi, mboji, majani ya kufunika. Jivu la jikoni lina potasi na linapunguza asidi. Wasiokuwa na wanyama wanaweza kurundika majani, maganda na takataka za jikoni kuanzia sasa, kabla ya sezoni A ya mwezi wa tisa.

Kisha maharagi, soya au karanga. Mimea hii inavuta azoti ya hewa kwa mizizi yake. Maharagi ya kupanda miti na soya ni kazi ambayo IITA Kalambo na mradi N2Africa, ulioanza mwaka 2009, walifanya na walimaji wa Kivu ya Kusini. Na jirani zetu Uganda, utafiti wa mwaka 2018 ulikuta kwamba mahindi yaliyochanganywa na maharagi, soya au karanga yalikuwa na kiwavi-jeshi kidogo, zaidi sana mmea ukiwa bado mchanga. Maboga yapewe nafasi yake pembeni.

Kama kuna pesa ya mbolea ya kiwandani, iwe kidogo na kwa wakati. NPK au DAP wakati wa kupanda, kiasi cha kifuniko cha chupa ya soda kwa kila shimo, ikifunikwa na udongo ili isichome mbegu. Urea igawanywe mara mbili: mahindi yakifika magotini, na tena kabla ya kutoa maua. Iwekwe baada ya palizi, udongo ukiwa na maji, na ifunikwe. Urea iliyotupwa juu ya udongo mkavu inaruka hewani na pesa yako.

Halafu macho. Mara mbili kwa juma, tembea katika shamba, simama sehemu tano, angalia mimea kumi kila sehemu. Ponda mayai kwa vidole. Kama kati ya mimea 50, ile yenye majeraha mapya haifiki 10 wakati mahindi bado madogo, au 20 wakati yamekuwa makubwa, usipulize. Mmea utajisaidia. Mahindi yakishatoa maua, kupuliza hakufai tena. Kwa shamba dogo, mchanga au jivu ndani ya moyo wa mmea ni njia ambayo walimaji wa Amerika ya Kati wameitumia miaka mingi. Huko Honduras waliona hata maji ya sukari yakinyunyizwa yanaita sisimizi, na sisimizi wanafanya kazi.

Dawa ya duka inakuja mwisho, kwa sehemu iliyopita kipimo, jioni, na mwili umefunikwa.

Kuna njia nyingine yenye nguvu, ile ya sukuma-vuta, iliyotengenezwa na taasisi ICIPE ya Kenya. Katikati ya mahindi wanapanda desmodiumu, yenye harufu inayofukuza vipepeo. Pembeni majani ya mifugo yanayowavuta. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba mashamba hayo yalikuwa na viwavi-jeshi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80. Desmodiumu inalisha udongo azoti na mbuzi majani. Lakini inakaa shambani miaka, na hapo tunagonga ukuta.

Nani atalisha udongo usio wake?

Ukuta huo ni ardhi. Katika Bushi wengi wanalima kwa bwasa: unalipa, unalima sezoni, kesho mwenye shamba anaweza kukutoa. Mwenye bwasa haruhusiwi kupanda kitu cha kudumu. Nani atabeba vikapu 50 vya samadi mgongoni ili mwaka ujao mtu mwingine avune? Mtu huyo anafanya hesabu sawa kabisa: ananunua urea inayoonekana haraka, au dawa, kisha anaondoka. Tukimwita mjinga, sisi ndio hatujaelewa.

Kwa hiyo ushauri hauwezi kubaki kwa mulimaji peke yake. Mwaka 2003 huko Maputo, wakubwa wa Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Mwaka 2006 huko Abuja, waliahidi kilo 50 za mbolea kwa hekta kufikia 2015. Mwaka 2024 huko Nairobi walikutana tena juu ya mbolea na afya ya udongo. Kinshasa inatuambia kila mara juu ya kisasi cha udongo wa juu kwa udongo wa madini. Lakini Congo bado ni kati ya inchi zenye kutumia mbolea kidogo kabisa duniani, na katika vijiji vingi monitere wa mashamba hana pikipiki wala mshahara wa kueleweka.

INERA Mulungu iko Kabare, si mbali. Mashirika yanayogawa mbegu na dawa yako kila upande. Tuwaulize maswali matatu mbele ya sezoni. Je, kuna mtu amepima udongo wa hapa kabla ya kuleta mfuko? Mgao una maharagi na samadi, au pompi tu? Na wenye mashamba makubwa, pamoja na machifu wanaosimamia bwasa, wako tayari kumwachia mulimaji miaka mitatu badala ya sezoni moja, ili apate faida ya kulisha udongo?

Hili la tatu halihitaji dola wala amani kamili. Linahitaji watu kukaa chini na kuelewana, na hakuna mwenye atatukataza kulianza hata mwezi huu, kabla ya mvua ya mwezi wa tisa.